Mkono wa Askari Barabarani: Funzo Kutoka kwa Majirani



Katika mazungumzo haya kuhusu nchi jirani tumezoea kuzungumzia mambo makubwa: mikutano ya wakuu wa nchi, bandari, reli na biashara ya mipakani. Leo tunalo jambo ambalo kwa macho ya haraka laonekana dogo. Nalo ni namna askari polisi anavyosimamisha gari barabarani, anavyosema na dereva, na anavyoamua ama kumwonya na kumwacha aende zake, ama kumwandikia faini, ama kumfikisha mahakamani.

Jambo hilo huchukua dakika chache tu. Lakini kwa raia walio wengi, dakika hizo chache ndizo wanazokutana na Serikali uso kwa uso. Mkulima au mchuuzi anaweza kumaliza mwaka mzima bila ya kuingia katika ofisi yoyote ya Serikali. Lakini akipanda basi kutoka Mombasa kwenda Malaba, kupitia Nairobi, Nakuru na Eldoret, atamwona askari akiinua mkono mara nyingi kabla jua halijatua. Anayoyaona hapo, namna dereva anavyosemeshwa na kinachopita kutoka mkono mmoja hadi mwingine, ndiyo atakayoyasimulia nyumbani. Kwake yeye hiyo ndiyo sheria, na huyo askari ndiye Serikali.

Tutaichukua Kenya iwe mfano wetu mkubwa, kwa sababu mbili. Kwanza, malori na mabasi yetu yapita Namanga, Sirari, Holili na Horohoro kila siku, na dereva wetu akishavuka mpaka yumo chini ya sheria ya huko. Pili, Wakenya wenyewe wamelijadili jambo hili hadharani kwa muda mrefu, bungeni, mahakamani na magazetini. Wametunga sheria, wakazirekebisha, wakafaulu mahali na kushindwa mahali. Hatusemi haya kwa kuwacheka. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Maradhi tutakayoyataja hayajui mpaka, nasi kwetu twayajua.

Sheria ya Barabara ya Kenya, ambayo ni Sura ya 403, ilianza kutumika mwaka 1954, wakati wa ukoloni na wa hali ya hatari. Polisi wa siku zile waliwekwa kuulinda utawala wa wageni dhidi ya wenyeji. Kusimamishwa njiani kwa Mwafrika kulikuwa na maana moja: toa kipande chako, eleza watoka wapi na waenda wapi. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, bendera ilibadilishwa kwa usiku mmoja, lakini tabia ya kizuizi cha barabarani haikubadilika kwa usiku mmoja. Amri za ukali, maswali ya dharau na mazoea ya kumhesabu kila mpita njia kuwa ni mtuhumiwa yalibaki kwa miaka mingi, kama yalivyobaki katika nchi nyingine nyingi zilizotawaliwa.

Mwaka 2004 lilitokea jambo ambalo Wakenya hawajalisahau. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki, alizitia nguvu kanuni mpya za magari ya abiria. Kuanzia tarehe 1 Februari mwaka huo kila matatu ilitakiwa iwe na kidhibiti mwendo kisichoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa, mikanda ya abiria, mstari wa manjano ubavuni, na dereva na kondakta wenye sare na vitambulisho. Siku za mwanzo magari mengi hayakuingia barabarani kwa kuwa yalikuwa hayajatimiza masharti, na watu wengi wakaenda kazini kwa miguu. Hata hivyo wananchi waliipokea amri hiyo, maana walijionea tofauti kwa macho yao. Abiria alikaa katika kiti chake, msongamano ukapungua, na mwendo ukatulia.

Je, nidhamu hiyo ilidumu? Ilidumu kwa muda, kisha ikaanza kulegea. Mikanda ilichakaa, vidhibiti mwendo vikachezewa, abiria wakarudi kusimama. Likazuka jambo la kuchekesha na la kusikitisha pia. Kondakta akiwaona askari mbele, huwahimiza abiria wafunge mikanda. Askari wakishapitwa, mikanda hufunguliwa. Mkanda ukawa unafungwa kwa heshima ya askari, na kifua cha anayeufunga kikasahauliwa. Na pale ambapo askari mwenyewe aliitazama noti iliyokunjwa kuliko alivyoutazama mkanda, sheria nzima iligeuka kuwa bidhaa. Gari bovu lililolipa lilipita. Gari zima ambalo dereva wake alikataa kulipa lilicheleweshwa, na kosa likatafutwa mpaka likapatikana. Mtu aliyeyaona hayo mara mbili tatu hawezi tena kuelezwa kwamba sheria ya barabara imewekwa kwa ajili ya usalama wake.

Ndugu wasikilizaji, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya iliamua kulitazama upya jeshi lake la polisi. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilibadilisha hata jina. Neno lililokuwa na maana ya jeshi au nguvu liliondolewa, likawekwa neno la huduma, na chombo hicho kikaitwa Huduma ya Taifa ya Polisi. Ibara ya 244 ya Katiba hiyo inakitaka kifikie kiwango cha juu cha ujuzi na nidhamu, kizuie rushwa miongoni mwa watu wake, kiheshimu haki za binadamu na kijenge uhusiano mwema na jamii. Ibara ya 49 inaagiza kwamba mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo unapokwisha nje ya saa za mahakama. Sheria ya polisi iliyofuata mwaka 2011 inamtaka askari mwenye sare aonyeshe waziwazi jina lake au namba yake ya utumishi. Mwaka huo huo iliundwa pia mamlaka huru ya kusimamia mwenendo wa polisi, ambayo mwananchi anaweza kuipelekea malalamiko.

Maneno hayo ni mazuri, na yanalingana na wito ambao polisi wa Kenya wamekuwa nao kwa miaka mingi, ulioandikwa kwa Kiswahili katika nembo yao: Utumishi kwa Wote. Lakini Katiba haisimami yenyewe kando ya barabara. Anayesimama pale ni askari mmoja au wawili, juani na mvuani, mbali na macho ya mkubwa wao. Kama maneno hayo hayamo moyoni mwa askari huyo, basi yamo kabatini tu.

Tukio la kusikitisha kuliko yote katika habari hii lathibitisha jambo hilo. Mwezi Aprili 2015, karibu na Mlolongo, kusini mashariki ya Nairobi, kijana mmoja mwendesha pikipiki alisimamishwa na askari wa Polisi wa Utawala. Kijana hakuwa na silaha. Katika kusimamishwa huko alipigwa risasi ya mkono. Ingalikuwa ni ajali ya silaha, askari angaliripoti, majeruhi akatibiwa, na uchunguzi ukafanywa. Haikuwa hivyo. Kijana alifunguliwa mashitaka ambayo alisema ni ya kusingiziwa. Alipopeleka malalamiko yake kwa ile mamlaka ya usimamizi wa polisi, badala ya kupata nafuu alisumbuliwa zaidi, na mwezi Desemba mwaka huo akaongezewa mashitaka ya makosa ya barabarani.

Kijana huyo alipata mwanasheria wa kumtetea, Willie Kimani. Tarehe 23 Juni 2016 walifika katika mahakama ya Mavoko kwa ajili ya kesi hiyo ya barabarani. Walipotoka mahakamani, wao wawili pamoja na dereva wa teksi aliyekuwa akiwachukua, walitekwa njiani. Baada ya siku chache miili yao ilipatikana mtoni, upande wa Ol Donyo Sabuk. Wanasheria wa Kenya waligoma kuingia mahakamani, wakaandamana, na nchi nzima ikashtuka. Kesi ilichukua miaka sita. Mwezi Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani askari watatu na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wa polisi. Mwezi Februari 2023 askari yule aliyempiga risasi mwendesha pikipiki alihukumiwa adhabu ya kifo, na wenzake vifungo vya miaka 20 hadi 30.

Tuutazame mnyororo huo pete kwa pete. Mwanzo wake ni pikipiki iliyosimamishwa. Hapo lilikuwa jambo la dakika tano, ambalo pengine lingalimalizika kwa onyo. Silaha ikatumika pasipo haja. Kisha kosa la askari likafichwa kwa uongo, uongo ukalindwa kwa mashitaka, mashitaka yakalindwa kwa vitisho, na vitisho vikaishia katika mauaji ya watu watatu. Familia tatu zilipoteza watu wao. Familia nne nyingine, za wale waliohukumiwa, nazo ziliingia katika msiba wa namna yake. Na maelfu ya askari waadilifu wa Kenya, ambao hawakuhusika hata kidogo, walitazamwa barabarani kwa jicho la chuki kwa ajili ya wachache hao.

Yafaa askari akumbuke kwamba kosa la kwanza, likikubaliwa na kuripotiwa, lina mwisho. Kosa linalofichwa ndilo lisilokuwa na mwisho.

Sasa tuje kwenye onyo lenyewe, maana hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu.

Onyo ni chombo cha ajabu. Faini ina stakabadhi, na mashitaka yana jalada. Onyo la mdomo halina kitu isipokuwa neno la askari. Kwa sababu hiyo laweza kuwa tendo la busara kuliko yote anayoyafanya askari barabarani, na laweza pia kuwa mlango wa rushwa ulio wazi kuliko yote. Dereva aliyesamehewa bure na dereva aliyenunua msamaha wake, wote wawili huondoka bila ya karatasi. Mtu anayetazama kwa mbali hawezi kuwatofautisha. Ndiyo maana wapo wanaosema kwamba dawa ni kuliondoa onyo kabisa: kila kosa, hata liwe dogo vipi, liandikiwe faini.

Rai hiyo haifai. Sheria isiyo na nafasi ya busara huwa ni ya kumkomoa mtu. Taa ya nyuma yaweza kuungua safarini bila ya dereva kujua. Mgeni aweza kukosea njia ya upande mmoja katika mji asioufahamu. Mama anayemkimbiza mtoto mgonjwa hospitali aweza kuzidisha mwendo kidogo. Watu kama hao wakionywa kwa maneno mazuri watashukuru na kujirekebisha. Wakitozwa faini watalipa kwa uchungu na kujifunza kumkimbia askari. Tena kipimo chochote kina kosa lake. Kumwadhibu mtu kwa kilomita mbili zilizozidi ni kuiamini mashine kupita kiasi.

Kenya ilijaribu kulitatua jambo hili kwa kanuni za mwaka 2016 za makosa madogo ya barabarani. Katika kanuni hizo, aliyezidisha mwendo kwa kilomita 1 hadi 5 kwa saa hupewa onyo. Aliyezidisha kwa kilomita 6 hadi 10 hulipa shilingi 500 za Kenya. Kwa kilomita 11 hadi 15 hulipa shilingi 3,000. Na kwa kilomita 16 hadi 20 hulipa shilingi 10,000. Tunaona kwamba onyo limeingizwa katika sheria yenyewe, likapewa mahali pake na kipimo chake. Askari hawezi kuliuza, maana si mali yake: dereva aliyezidisha kwa kilomita tatu analipata kwa haki. Wala hawezi kumpa aliyezidisha kwa kilomita 20, maana huyo amekwisha wekewa adhabu yake.

Wazo hilo lina maana kubwa. Hata hivyo kutunga kanuni ni jambo moja na kuitekeleza ni jingine. Miaka iliyofuata malalamiko ya hongo barabarani hayakukoma. Katika tathmini za hongo zilizofanywa Afrika Mashariki, polisi wa Kenya, na wa nchi nyingine za eneo hili pia, walitajwa mara kwa mara miongoni mwa wa kwanza.

Jambo jingine lililofanywa ni uhakiki wa askari wenyewe. Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi ilianza kazi hiyo mwishoni mwa mwaka 2013, na mwaka 2016 ikafikia zamu ya askari wa barabarani. Askari waliitwa mbele ya tume, wengine hadharani, wakaulizwa kuhusu mali zao, akaunti zao za benki na fedha zilizoingia na kutoka katika simu zao. Baadhi walishindwa kueleza walikozipata fedha zilizozidi mishahara yao mara nyingi. Wengine waliulizwa kuhusu fedha ndogondogo walizokuwa wakiwatumia wakubwa wao kila mara. Waliokosa majibu ya kuridhisha waliondolewa kazini.

Hapo Kenya ilitufunulia jambo ambalo askari wa chini huligusia kwa kunong'ona. Mara nyingi mkono unaopokea barabarani haupokei kwa ajili yake peke yake. Nyuma yake upo mkono mwingine, na nyuma ya huo upo mwingine tena. Mkubwa anayetazamia bahasha jioni amekwisha amuru wizi asubuhi, hata kama hakutamka neno. Kwa hiyo kumfukuza askari wa chini na kumwacha mkubwa wake ni kukata tawi na kuumwagilia maji mzizi.

Majirani wengine nao wamechukua njia zao. Rwanda, ambako dereva wetu anayevuka Rusumo hana budi kuhamia upande wa kulia wa barabara, ilifanya kampeni ya majuma 52 ya usalama barabarani kuanzia mwaka 2019, ikiwataka watu wafike salama. Iliweka kamera za mwendo barabarani, na dereva hupata taarifa ya kosa lake kwa simu. Kwa njia hiyo askari na dereva hawakutani, na pasipo na mkutano hongo hukosa nafasi. Pamoja na hayo, Rwanda iliwafukuza kazi askari waliotuhumiwa kwa rushwa. Lakini hata huko madereva walilalamika kwamba kamera zilifichwa, na kwamba mwendo uliowekwa mahali pengine ulikuwa mdogo mno. Mwaka 2021 Rais Paul Kagame alikubali hadharani kwamba jambo hilo lilihitaji kuwekwa katika mizani, usalama upande mmoja na mwendo wa kufaa upande wa pili.

Uganda nayo ilianza mwezi Juni 2025 kutumia mfumo wa kamera unaotoza faini wenyewe. Haikupita hata nusu ya mwezi, kelele za wananchi zikawa kubwa, na Serikali ikausimamisha kwanza ili uangaliwe upya. Watu walilalamikia ukubwa wa faini, na viwango vya mwendo ambavyo wengi walisema hawakuvifahamu na wala havikuonyeshwa kwa alama za kutosha.

Funzo la Rwanda na Uganda ni kwamba mashine haipokei hongo, lakini pia haina busara. Haijui kuonya. Haijui kusikiliza. Mahali penye mashine pasipo na askari mwenye kusema na watu, sheria hufanana na mtego. Mtego humkamata mnyama, haumfundishi. Kwa hiyo mashine itatusaidia, lakini askari mwema bado anahitajiwa, na atahitajiwa kwa muda mrefu ujao.

Basi askari mwema barabarani ni yupi? Tumtazame akiwa kazini. Huchagua mahali panapoonekana kwa mbali, penye nafasi ya gari kusimama pembeni, wala hajifichi kwenye kona au nyuma ya mti akarukia katikati ya barabara. Hutoa ishara mapema. Gari likisimama, humwendea dereva kwa salamu, hujitambulisha, na kabla ya kudai leseni humweleza sababu ya kumsimamisha. Haingizi mkono dirishani kuchomoa ufunguo. Haketi ndani ya gari la mtu aliyemkamata. Kama ana bunduki, mtutu wake hutazama chini, na kidole chake kiko mbali na kifyatulio. Humsikiliza dereva, kwa kuwa kumsikiliza mtu hakumpunguzii askari madaraka. Kisha huamua, husema uamuzi wake waziwazi mbele ya abiria, na kuwaacha waendelee na safari.

Akiamua kuonya, huonya kwa kosa linalostahili kuonywa. Breki mbovu haionywi. Ulevi hauonywi. Kulipita gari jingine kwenye kona au mlimani, na kujaza abiria kupita kiasi, hayo ni makosa yanayoua, na kuyasamehe ni kuwadhulumu wale watakaokufa mbele ya safari. Na akiisha kuonya, huandika: namba ya gari, saa, mahali, kosa na neno “ameonywa”. Mstari mmoja katika daftari watosha. Mstari huo humlinda dereva asionywe kwa bei. Humlinda na askari pia, maana siku atakaposhitakiwa kwamba alipokea kitu, atakuwa na la kuonyesha. Na dereva akikamatwa tena kwa kosa lile lile juma linalofuata, itajulikana kwamba busara imekwisha tumika na sasa ni zamu ya sheria.

Wapo watakaosema kwamba adabu ya namna hiyo itaonekana kuwa ni udhaifu. Watu wa pwani wana jibu lao la siku nyingi: heshima si utumwa. Askari anayetukana hupata utii wa dakika ile tu. Anayeheshimu hupata na habari pia. Dereva wa basi huona mengi: gari lililobeba magendo, mtu mwenye silaha, wezi wanaovizia mlimani. Habari hizo atampelekea askari anayemwamini. Kwa hiyo salamu njema barabarani ni sehemu ya ulinzi wa nchi. Taifa letu lilikwisha kulisema jambo hili katika Mwongozo wa mwaka 1971, ulipokemea kiburi, dharau na uonevu wa wenye madaraka. Mambo mengi yamebadilika tangu wakati huo, lakini mwananchi anayedharauliwa bado huumia vile vile.

Tuna neno pia kwa ndugu zetu wa Jeshi la Wananchi. Mwanajeshi naye ni dereva na ni abiria. Siku anapoendesha gari lake mwenyewe na kusimamishwa na askari polisi, hasa na mdogo wake kwa cheo au kwa umri, hapo ndipo nidhamu yake hupimwa. Sare isifanywe kuwa leseni ya pili. Mwanajeshi anayetii ishara ya askari wa barabarani mbele ya raia huwafundisha raia wote waliomo katika foleni. Anayepita kwa kelele na vitisho huwafundisha nao, lakini somo lililo baya. Na pale majeshi yanapopewa kazi ya vizuizi wakati wa dharura au mipakani, yale yale tuliyoyasema juu ya mtutu, salamu na sababu yanawahusu wao pia.

Wananchi nao wasijione kuwa hawamo. Kuna methali isemayo, penye udhia penyeza rupia. Methali hiyo imetuharibia mengi. Dereva anayekunja noti ndani ya leseni kabla hata hajaambiwa kosa lake, amemnunua askari kabla hajajua kama anauzwa. Atakapouawa ndugu yake na lori bovu lililonunua njia kwa namna ile ile, atamlilia nani? Rushwa ni adui wa haki, kwa anayetoa na kwa anayepokea.

Ndugu wasikilizaji, Kenya imetuonyesha kwamba jina jipya, katiba mpya na kanuni mpya ni vitu vya lazima, na kwamba peke yake havitoshi. Imetuonyesha kwamba onyo likiwekewa mipaka na kuandikwa huwa ni rehema ya sheria, na likiachwa gizani huuzwa. Imetuonyesha, kwa gharama ya maisha ya watu watatu, mahali ambapo kusimamishwa kwa pikipiki moja kunaweza kufika. Rwanda na Uganda zimetuonyesha kwamba mashine haiwezi kuchukua nafasi ya moyo wa mtu.

Askari unayekwenda zamu leo jioni, barabara utakayoisimamia si yako, wala si ya mkubwa wako. Ni dhamana uliyopewa na watu watakaopita hapo, mmoja mmoja, wengi wao wakirudi kwa watoto wao. Utakapoinua mkono wako, wote watasimama. Heshima hiyo umepewa na nchi. Itumie kwa namna ambayo, wakishapita, watasema: yule ni askari wetu.